Sauti ya Tanzia

Jumapili, 4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepoa. Mimi sijambo, ila usingizi umenipa kisogo wiki nzima.

Kuna jambo. Ile redio mpya ya vijana, iliyofunguliwa ghorofani juu ya benki, wananitaka. Mkurugenzi wao alinisikia nikisoma matangazo ya vifo huku redioni kwetu, akasema sauti hiyo anaitaka kwake. Anataka niendeshe kipindi cha asubuhi: kuamsha watu, kuwatania, kuwapigia muziki.

Mama, mimi nani wa kumchekesha mtu? Miaka yote hii kazi yangu ni "tunasikitika kutangaza". Hapa studio hata jina langu wamelisahau, wananiita Tanzia. Juzi niliingia dukani kuomba sabuni, mwenye duka akashika kifua akauliza nani tena. Tulicheka, lakini nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Sauti ikishazoea msiba, itafaa kwa kitu kingine kweli? Labda mkurugenzi alisikia vibaya. Labda ananihurumia tu.

Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Niambie la kufanya, maana nikijiuliza mwenyewe napata majibu mawili na yote mawili siyaamini.

Mwanao

* * *

Jumamosi, 10 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanikumbusha ngazi zote nilizowahi kupanda. Kwa mengine ni mzima, namshukuru Mungu.

Umesahau unaongea na nani. Mimi nimeunganisha simu za watu pale posta mpaka nikastaafu. Ndiyo maana sitaki simu nyumbani kwangu. Masikio yangu yametumika vya kutosha, nawe vumilia kuandika. Lakini sauti nazijua. Yako haina msiba, ina subira. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaigiza kikohozi cha jirani mpaka marehemu baba yako anapaliwa na chai. Huyo mtoto amekwenda wapi?

Kila jioni navuta kiti karibu na redio nakusikiliza. Ukimaliza, nazima, hao wa hali ya hewa hawanihusu. Nikikusikia nasema moyoni, huyu wangu wamemweka mahali padogo. Nenda, mama. Acha kujipunguza.

Mama yako

* * *

Jumapili, 18 Februari

Mama,

Shikamoo. Mafua yalinibana lakini yameachia. Wewe je, umelala vizuri?

Nilikwenda wakanijaribu. Wakaniketisha mbele ya kipaza sauti, taa nyekundu ikawaka, nikafungua mdomo kusema habari za asubuhi. Kikatoka: "Tunasikitika kutangaza..." Nikakwama hapo hapo.

Mkurugenzi alicheka mpaka akavua miwani. Akasema hicho ndicho anachokitafuta, niwe naanza hivyo kila siku: tunasikitika kutangaza kwamba kumekucha. Wote wakapiga makofi. Mama, ule haukuwa utani, nilikosea. Wananichukua kwa sababu ya kosa, na sijui kama ninalo jingine.

Halafu niliuliza, nikaambiwa mawimbi yao hayavuki mji. Huko kwako hawasikiki kabisa. Basi naona nikatae. Siwezi kwenda kuchekesha watu nisiowajua, wewe ukabaki na kiti chako na ukimya. Nafikiri hiyo ni sababu ya kutosha, au sivyo?

Mwanao

* * *

Ijumaa, 23 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimelala vizuri, ahsante.

Kuna kitu nilikuficha. Redio imekufa. Imekufa tangu mwaka ulipoanza. Fundi aliifungua, akaikoroga, akanirudishia ikiwa bubu kuliko alivyoichukua. Niliposema nakusikiliza kila jioni nilikuwa nakutia moyo tu.

Kwa hiyo mimi niondoe kwenye mawazo yako. Ukibaki huko kwenye vifo unabaki kwa ajili yako, si kwa ajili yangu. Kama ni woga, sema ni woga, tusiupe jina la mama.

Wapelekee jibu wiki hii.

Mama yako

* * *

Jumapili, 31 Machi

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Goti vipi? Wale mchwa wa mlangoni kwako wamepatiwa dawa?

Nilikwenda. Uliponiambia redio imekufa nilikosa pa kujifichia, nikawaambia ndiyo. Lakini iliniuma, nakwambia kweli. Kila nilipomaliza kusoma vifo nilikuwa naongeza "mpaka kesho", na nilikuwa naisema kwa ajili yako. Mkuu wangu wa zamani alikuwa akiniuliza nani anaagana na marehemu namna hiyo, nikamjibu ni mazoea. Kumbe nilikuwa namwambia mtu asiyenisikia.

Sasa naamka kabla jogoo hajawika. Nasikitika kutangaza kwamba kumekucha, na mwenzangu wa kipindi anacheka kwa niaba ya mji mzima. Mwanzoni watu walipiga simu kunipongeza. Siku hizi wanapiga kuomba muziki. Jana mkurugenzi aliniita, akaniuliza kwa upole nina kipya gani. Nikamwambia nafikiria. Sifikirii, mama. Nakodolea macho kipaza sauti, kichwa ni cheupe.

Nilipita kwa yule mkuu wa zamani, nikazungukazunguka mpaka nikauliza kama kuna nafasi. Alinipa chai, akanisifu, akasema kiti kina mwenyewe. Kijana wamempata, mwenye diploma. Huku siwezi, kule sirudi. Ikifika jioni, saa ya vifo, midomo yangu inachezacheza bure, nakaa kitandani nalia kama mtoto. Nilikosea kwenda, au nakosea kukata tamaa mapema? Sijui hata nitajuaje.

Mwanao

* * *

Jumapili, 7 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Mchwa wamekufa, goti halijafa.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Ushauri sina, mwanangu. Niliokuwa nao nilikupa wote, na sasa naona labda niliutoa kwa haraka. Ningekuwa karibu ningekukanda mgongo basi, lakini sipo karibu.

Ila usidhani kiti chako kimepata mtu. Huyo kijana anasoma kama anafukuzwa. Juzi kamtaja marehemu, kataja watoto, kataja wajukuu hadi wa nje ya nchi, mahali pa maziko akaparuka. Waombolezaji waende wapi, jamani? Na neno "mpendwa" analibana puani. Akimaliza haagi, anakata tu, wanaingia wa hali ya hewa. Nami nabaki nimekaa pale pale kwa muda, kama mjinga.

Kula, tafadhali. Na mchana ulale, hata kama usingizi hauji.

Mama yako

* * *

Jumamosi, 13 Aprili

Mama,

Shikamoo. Leo sikuulizi goti. Redio ilipona lini?

Nimeirudia barua yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipotaja fundi mwingine, au kwamba jirani kakuazima ya kwake. Sikupaona. Kama ilikuwa nzima mwezi wa pili, basi kila jioni ulikuwa umekaa pale, na mimi nikisema mpaka kesho ulikuwa unanisikia, hata ile ya mwisho kabisa, ambayo niliisema haraka haraka kwa sababu nilidhani haina mwenyewe.

Ningejua, nisingeondoka. Nadhani hilo ulilijua kabla yangu.

Sina hasira. Nikikushukuru nitakuwa naongopa, na kukulaumu siwezi. Sasa wewe hunisikii, na mimi huku sina la kuwaambia watu. Kesho asubuhi natakiwa niwachekeshe.

Mwanao