Sauti ya Bwana Samahani

Dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta u mzima, wewe na mama na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi huku hatujambo, tunajikongoja. Mke wangu anakusalimu sana. Cherehani inaendelea, wiki hii nimeshona sare za kwaya nzima, na yule mnene wa safu ya nyuma amekuja mara mbili kulalamika kwamba nimembana makusudi.

Barua yako niliipata Jumanne. Unasema umekwenda kuitazama filamu ya mwisho ya kaka mara tatu, na mara ya tatu ulifumba macho ukamsikiliza tu. Unaniomba nikutafutie kanda ya sauti, ili siku mama atakapotimiza miaka themanini umwekee asikie, maadamu macho yake hayaoni tena. Nitakujibu, lakini niache kwanza nimzungumzie kaka kidogo, maana ni miezi mitano sasa tangu tumzike na watu wa huku wameanza kuchoka kunisikiliza.

Unakumbuka alivyokuwa mchukuzi wa duka la samani. Siku aliyopeleka kabati kwenye jengo la filamu alijikwaa kwenye waya, akaliangukia kabati, na kabla hajainuka akaliomba radhi. Wala hakuwa anachekesha. Hata nyumbani, akigonga mlango kwa bega, aliuambia samahani. Mwongozaji wa filamu alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia arudi kesho bila kabati. Ndivyo watu walivyompata Bwana Samahani wao, wakakaa naye miaka ishirini na sita.

Wengi wanadhani ni kipaji tu. Mimi niliyemshonea makoti nayajua mengine. Mkono wa kushoto wa koti alitaka uuzidi wa kulia kwa vidole vitatu. Viwili havichekeshi, alisema, na vinne ni uongo. Kuanguka kwenye kiti kulimchukua siku nzima. Hakuwaamini wapiga picha, kwa kuwa walizoea kumcheka hata akiwaamkia. Alimwita mama wa usafi, mtu asiyecheka ovyo, akaanguka mbele yake. Yule mama akitikisa kichwa, kaka alirudia. Siku moja alianguka mara kumi na tisa, na mama wa usafi alipocheka hatimaye, alikiri kwamba amecheka kwa uchovu, anataka kufagia aende zake. Kaka akamwomba radhi, akaanguka mara ya ishirini. Na katika filamu zake zote hakumcheka kilema wala fukara. Wa kuumbuka alikuwa yeye.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya nichane barua mbili kabla ya hii.

Picha za filamu ya mwisho zilikuwa zimekwisha kupigwa, lakini sauti yote iliharibiwa na jenereta lililonguruma nyuma ya ukuta. Ikabidi maneno yasemwe upya katika chumba cha kurekodia, yakifuata midomo ya kwenye picha. Wiki hiyohiyo daktari akamkataza kaka kuzungumza. Koo lilikuwa limekwisha; kilichotoka ni upepo mtupu. Wewe tulikuambia ni mafua, naomba unisamehe na hilo. Bila sauti filamu ingetupwa, naye alijua hatapata nyingine. Alichukua kipande cha karatasi yangu ya kukatia vitambaa akaandika kwamba mimi ndiye nitakayesema.

Nilimwambia ameishiwa akili, mimi na filamu wapi na wapi. Akaandika tena kwamba nimemwigiza tangu utotoni ili kumkera, basi sasa nimwigize kwa adabu. Siku sita nilisimama mbele ya kipaza sauti, kuta zimefunikwa kwa magodoro, naye nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. Akinigusa naanza, akikaza vidole nanyamaza. Nilipoharakisha kukiomba kiti radhi alinifinya kama mwalimu wa darasa la kwanza, na fundi wa sauti akageuza uso tusimwone anacheka.

Dada, ile sauti uliyoifumbia macho ni yangu. Kaka alinitaka ninyamaze mpaka filamu imalize kuonyeshwa, nami nikanyamaza hata uliponiandikia kwamba katika hii amezungumza vizuri kuliko katika zote. Niliposoma hayo niliona fahari kidogo, na fahari hiyo ndiyo inayonichoma.

Ningeweza kukuacha na faraja yako. Lakini mama sasa anaishi kwa masikio, na alituzaa wote wawili. Kwa neno la kwanza tu angejua ni nani, na sitaki aulize mbele ya wageni kwa nini kitinda mimba wake anajifanya marehemu.

Kuna kitu kimoja si changu, nacho ni nyayo. Hizo pia zilirekodiwa upya. Fundi wa sauti alitaka kuzitembea yeye, kaka akakataa kwa kichwa. Alivaa viatu vyake, akapanda juu ya ubao mbele ya picha, akaitembea filamu nzima huku ameshika ukingo wa meza, akipumzika kila Bwana Samahani alipoketi. Hata kule kuporomoka kwenye ngazi ni magoti yake mwenyewe. Mwishoni kabisa, pale anapoondoka na kusimama, aliongeza hatua moja ndogo ambayo kwenye picha haipo. Fundi wa sauti alitaka kuikata, mwongozaji akamzuia.

Kanda imo ndani ya kifurushi hiki. Nilimwomba fundi wa sauti aondoe maneno yote, abakize nyayo tu. Ni dakika kumi na moja. Mwekee mama hiyo, na usimwambie ni nini. Akiuliza maneno yako wapi, mwambie nitakuja mwenyewe kumweleza.

Wabusu watoto, na goti lako lipe mapumziko. Kama umenikasirikia, niandikie hivyohivyo ulivyokasirika. Nitaifungua barua na kuisoma yote.

Mimi mdogo wako wa mwisho,
Fundi