Vipokezi Vyangu, Vidonge vya Kaka

Baba Mkubwa, Mama, shangazi zangu, nanyi wadogo zangu mliokaa nyuma hapo kikaoni,

Shikamooni wakubwa. Huku mvua imekatika, na maabara yetu imepata friji mpya.

Jana Mama aliniambia kwa simu kwamba Kaka hajalala siku nne, anahutubia kuta, na kwamba vidonge vyake vya lithiamu, vya kumtuliza akili, mlimficha tangu mwezi uliopita. Nikauliza kwa nini.

"Si wewe mwenyewe uliyeandika?" akanijibu. "Baba Mkubwa katusomea: lithiamu inabadilisha vipokezi vya seli."

Naam, niliandika, katika tasnifu yangu ya chuo. Niliandika kwamba seli nilizolea kwenye kisahani, zikitiwa lithiamu, vipokezi vyake hushika peptidi, chembe zinazopeleka ujumbe mwilini, kwa namna nyingine. Kubadilika si kuharibika! Baba Mkubwa, katika tasnifu hiyo ya kurasa mia mbili ulisoma ukurasa mmoja, ukamhukumu mgonjwa. Miaka sita dawa hiyo, na daktari akimpima damu, ilimweka Kaka kwenye cherehani yake, akinitania: "Mtaalamu, leo umeponya seli ya nani?" Hamkumuuliza daktari. Hamkuniuliza mimi. Mmelitumia jina langu kumwumiza ndugu yangu, na hilo siwezi kulimeza.

Kwa hiyo, anayewasomea barua hii niliyoituma kwa simu akifika mwisho, kikao kivunjike. Baba Mkubwa avitoe vidonge, na nyote mfuatane na Kaka hospitalini leo hii, daktari aamue jinsi ya kumrudishia dawa. Na huko, Baba Mkubwa, utamweleza daktari kwa kinywa chako nani aliyeikatiza.

Ni mimi, binti yenu.