Kibuyu cha Arap Tonui na Kura za Chelagat

Jumatano, 6 Machi 1957

Salamu kwanza, vile tulifundishwa darasa la wamama. Mume wangu Kiprugut mzima. Mama mkwe mzima, ni magoti tu. Mwanangu Kimutai mzima, kikohozi kimepungua. Ng'ombe mwekundu mzima. Na binti yangu Chelagat, yule mwalimu, amefika jana kutoka shule anayofundisha! Amekonda.

Jumamosi ni kura. Kambi yote ya shamba hili, mwenye kura ni yeye peke yake. Tena anazo mbili, ndiyo sheria ya serikali — ya masomo na ya kazi. Baba yake hana hata moja. Ofisa wa kura alimwuliza, umesoma? Akasema, nimekamua ng'ombe wa mzungu tangu ujana. Hakuandikwa.

Alhamisi, 7 Machi

Mzee Arap Tonui na wenzake wamekuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuganda. Ndiye huyu aliyesema zamani, msichana akisoma nani atamuoa! Leo anataka kura zake ziende kwa mtu wao anayegombea. Na hakumwuliza Chelagat. Alimwuliza Kiprugut, kama watu waliokuja kuposa. Kiprugut akanywa. Basi — amekubali.

Sisi tulikuwa jikoni.

"Mama, wameshanioza?"

"Nyamaza, watasikia!"

Alicheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 8 Machi

Tukichuma mboga akaniambia hamtaki kabisa mtu wa arap Tonui. Eti mtu huyo alisema kwa mkutano shule za wasichana ni hasara. Nikamwambia, mfuate baba yako, amekunywa mbele ya watu. Akaniuliza, sasa mbona ulipigania nisome?

Nikainama, nikaendelea kuchuma.

Jioni akamwambia baba yake mwenyewe. Uso kwa uso! Kiprugut akatoka kwenda zizini. Huko nikasikia wanaume wenzake wanamcheka — Kiprugut, siku hizi binti yako ndiye baba?

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa mlangoni. Kiprugut amevaa koti lake la vita, akasema, twende. Chelagat yuko nyuma yake, vile binti anatembea na baba. Amebeba kile kibuyu cha arap Tonui! Asubuhi nilimwona akikijaza maziwa yetu, nikadhani ni ya njiani.

Arap Tonui na wenzake wamekaa kwenye madebe ya maziwa. Kiprugut amekichukua kibuyu, amemnyooshea mzee, anamrudishia. Hapokei. Hakuna anayecheka.

Sasa Kiprugut amesogea kando ya njia. Chelagat amepita — mbele yake! Anaenda kupiga kura peke yake. Baba bado amesimama na wazee, mkono umenyooka.

Ee, yeyote atakayetoka huko, aniletee neno upesi. La wote wawili.