Gari la Laitofu

Alhamisi, baada ya magharibi. Mvua imeanza adhuhuri na haijakata. Bwaise yetu hii ya bondeni Kampala ikinyeshewa hivi mtu hatoki, anapandisha godoro juu ya meza na kukaa akitazama mlango kama maji yanaingia. Nimepandisha langu. Nimekaa. Moyo ni mzito kama gunia la chumvi lililolowa.

Sauda yuko chumba cha pili anapiga pasi sare yake. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu wa kubebwa mgongoni, na sasa ni muuguzi katika kliniki moja kule Nakasero, zamu ya usiku. Yeye ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu. Aliniambia, "Mjomba, hadithi zako ziandike, masikio yetu yamechoka." Basi naandika. Leo si hadithi.

Anayenijua ananijua. Shule niliishia darasa la sita, lakini kwa magari hajazaliwa wa kunifundisha. Nilileta lori kutoka Juba hadi Kampala bila breki, kwa gia na kwa dua, na nilipofika abiria walikuwa bado wamelala. Nilipata kumwambia jenerali mmoja ashuke garini mwake kwa sababu nilisikia tairi linakohoa. Alishuka, na tairi likapasuka papo hapo. Mengine siyasemi maana watu wana wivu.

Ndiyo maana Sauda alipotaka gari hakwenda kwa fundi. Alikuja kwangu.

Mwezi uliopita boda ilimwangusha akienda kazini. Alichubuka paja lote, mkono ukafungwa bandeji, na kazini alirudi juu ya boda nyingine, kwa sababu teksi zinamshusha mbali na giza lile la kupanda kilima peke yake analiogopa zaidi. Akanikabidhi akiba yake yote na maneno ambayo tangu jana hayaniachi: "Ukisema ni zima, Mjomba, mimi sitauliza tena."

Gari nikalipata Nateete, kwa mtu anaitwa Haji Twaha, anauza magari kwenye uwanja mmoja nyuma ya soko. Gari dogo la Kijapani, rangi ya fedha, linang'aa mpaka unaona meno yako. Bei yake ilikuwa chini ya wenzake wote waliosimama pale. Nikamuuliza kwa nini. Haji akajibu mbele ya watu, wala hakunong'ona: "Mzee, hili lilikuwa laitofu ya bima. Tumelitengeneza."

Laitofu. Nikacheka.

Sasa nieleze. Mimi ni Mnubi. Ulimi wetu unaijua R na unaijua L, na kila moja tunaiweka mahali pake. Ndugu zetu Waganda wanazibadilisha, wanakuambia "lais" wakitaka wali na "balabala" wakitaka barabara, na miaka yote mimi nimekuwa wa kwanza kuwacheka. Lakini siku ile Haji, Muganda wa kuzaliwa, aliposema laitofu, sikugeuza kitu. Nililichukua neno kama lilivyotoka mdomoni mwake. Laiti ni taa. Ofu ni kuzima. Gari lilizimika taa, watu wa bima wakalichoka, basi. Kwa mtu aliyevuka Sudani gizani akiongozwa na macho ya fisi, taa ni nini?

Nikawaambia hivyo hivyo Sauda, majirani, na safu nzima ya mbele msikitini. Kasoro ni taa tu, pesa naipeleka wiki hii.

Jana nilikuwa kibandani kwa Mama Njeri, Mkenya anayeuza mitumba hapa barabara ya Bombo, nachagua shati la kuendeshea na kumweleza habari za gari. Akaacha kukunja suruali.

"Hebu rudia. Watu wa bima walisema ni nini?"

"Laitofu. Mambo ya taa."

"Taa gani, mzee wangu? Raitofu! Na R!" Akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Nyinyi watu wa Kampala mtakufa kwa herufi moja!"

Halafu akaniona uso, akaacha kucheka. Akanieleza taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba. Raitofu ni gari lililopata ajali mbaya mpaka kampuni ya bima inakaa, inapiga hesabu, inaona kulitengeneza hakufai, inamlipa mwenyewe na kulifuta. Wameliandika limekufa. Kisha mtu analinunua kama chuma chakavu, analinyoosha, analipaka rangi.

"Shemeji yangu alinunua moja kama hilo Nakuru," akasema.

Sikumuuliza ikawaje. Na yeye hakuniambia.

Leo asubuhi, kabla ya mvua, nikarudi Nateete. Mara hii sikutazama rangi.

Mkanda wa dereva ni mweusi, mpya, na mingine yote imepauka. Hakuna mtu anayebadilisha mkanda mmoja kwa mapambo. Ule wa kwanza ulikatwa, na mkanda unakatwa kwa kisu pale ambapo aliyefungwa nao hawezi kujifungua. Mlango wa dereva haufungiki mpaka uuinue kidogo. Nikabonyeza katikati ya usukani, pale linapokaa puto la kumkinga dereva ajali ikitokea. Pakabonyea kama mto. Nikapenyeza ukucha pembeni, kifuniko kikabanduka, kumbe kimegandishwa kwa gundi. Puto hakuna. Mmejazwa sponji ya godoro, ya buluu, imekatwa duara vizuri kabisa.

Mtu alikaa chini na mkasi akaikata vile, kwa utulivu, ili ienee.

Nikamwita mwenye gari. "Haji, ulinificha."

"Nilikuficha nini, Mzee?" Wala hakukasirika. "Si nilikuambia siku ya kwanza mbele ya watu? Laitofu ya bima. Nikainama nikuonyeshe tulipounga huku chini, ukasema usionyeshwe, umeendesha yaliyokufa zaidi ya hili. Ssebo, bwana wangu, wewe ndiye uliyenikata maneno."

Wallahi ni kweli. Alikuwa ameshapiga goti kwenye vumbi anaonyesha kwa kidole, mimi nikaanza habari za Juba.

"Sasa unachukua?" akauliza. "Kesho kuna mtu mwingine anakuja kuliona."

Nikasema nitamjibu jioni.

Nitakuwa mkweli, maana humu hamnioni uso. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalitetea lile gari. Nilijiambia, boda ina mkanda? Haina. Boda ina puto? Hata sponji haina. Gari bovu lina paa. Lina milango, hata huo wa kuinuliwa. Mtoto atafika kazini hajalowa. Na magari mangapi Kampala hii yameungwaungwa, na watu wanazeeka ndani yake? Haya si maneno ya mpumbavu.

Lakini chini yake kulikuwa na neno jingine, dogo na chafu. Nikisema hapana, nitaulizwa kwa nini. Itabidi safu ya mbele isikie kwamba bingwa wa magari aliambiwa gari limekufa, akaelewa limezima taa. Nilikuwa tayari kumkalisha mtoto wa dada yangu mbele ya kipande cha godoro ili watu wasinicheke.

Nimeliandika. Silifuti.

Na jambo lililoniamulia ni hili. Boda ikipinduka, ni shari ya mji huu. Lile gari likimfinya, ni mimi niliyesema ni zima, na yeye aliahidi hatauliza. Ataingia, atafunga mkanda, ataegemea kiti. Juu ya boda angalau anaogopa.

Nimempigia Haji sasa hivi. Nimemwambia hapana. "Kale, Mzee," akasema, ndiyo "haya" ya Kiganda, akakata simu. Hata kunibembeleza hakunibembeleza. Yule wa kesho atalichukua, na sijui ni baba wa nani.

Pasi imenyamaza kule chumbani. Naenda kumwambia.

Nimerudi. Suruali imelowa hadi mapajani, mtaniwia radhi nikikosea kuandika.

Nilimwambia yote. Neno, mkanda, sponji. Nilitaka acheke. Ningefurahi sana kama angenicheka. Alisimama na sare mkononi, akauliza jambo moja tu.

"Aliyekuwa analiendesha alikufa?"

Siku nyingine swali kama hilo kwangu halikosi hadithi. Ningeweza kumpa jina la yule dereva, mji wake, na alichosema mwisho.

"Sijui," nikamwambia. "Na hata lile lingine tutakalopata, peke yangu sitajua. Tutatafuta mtu wa kulikagua. Mimi nitamshikia mwavuli."

"Sawa, Mjomba," akasema, kwa ile sauti ya kuwaambia wagonjwa kwamba daktari anakuja, akavaa koti la mvua juu ya sare.

Dereva wa boda alikataa kuingia kichochoroni kwa sababu ya maji, akabaki juu kwenye lami anapiga honi. Nikamvusha Sauda mpaka pale, maji magotini, nimemshika ule mkono wake mzima. Akapanda, akashika koti la dereva kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu kisicho chake, wakaondoka.

Sasa nimekaa mlangoni na simu hii. Mvua haijapungua. Watu husema usiku ukipita kuna kesho. Kesho yangu haitaanza alfajiri. Itaanza akirudi.