Redio Sita Zilizokosea Pamoja

Jumapili, Kasulu. Mvua tangu asubuhi, na baridi ya kuvaa sweta mbili.

Ninaogopa. Nianze na hilo, maana nikianza na mambo ya ufundi nitajificha humo.

Dada yangu Dativa yuko Makere na siku zake za kujifungua zimetimia. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, kwa hiyo uchungu ukianza nesi wa zahanati lazima aite gari la wagonjwa kutoka hospitali hapa mjini. Simu kule hazishiki tangu mvua zianze. Anaita kwa redio, na redio hiyo niliirekebisha mimi.

Nilirekebisha sita. Tano zilienda zahanati tano, ya Makere ikiwemo, Ijumaa asubuhi, moja ikabaki karakana kwa Mzee Sudi, bosi wangu.

Kurekebisha redio ishike masafa sahihi natumia jenereta ya mawimbi, ile mashine ninayoiringia. Ndani yake kuna kristali ndogo inayotetemeka mara milioni kumi kwa sekunde. Pembeni kuna sakiti inayotoa mawimbi ya kasi zaidi, ila hiyo haitulii, inayumba. Basi mawimbi yake yanagawanywa, tuseme kwa kumi na tano, na jibu linalinganishwa na kristali. Likipungua sakiti inaongezwa kasi, likizidi inabanwa, mpaka zilingane. Kwa hiyo kila kitu kinaitegemea kristali. Ikikosea kidogo, kosa linazidishwa mara kumi na tano, na kioo bado kinaonyesha namba uliyoiomba, si iliyopo.

Mwezi uliopita kristali ilikufa. Nikachomoa nyingine kwenye redio mbovu, yenye namba ileile, nikaipachika. Sikuilinganisha na chochote. Redio zangu nilizijaribu uani zenyewe kwa zenyewe, zikasikilizana safi, nikajisifu.

Jana mpokea simu wa hospitali aliniletea redio yake, akisema haisikii zile mpya. Nikaipima. Mashine ikasema imepotoka, nami nikamwambia ni uzee wa redio. Leo kaleta ya pili, ya kampuni nyingine kabisa. Imepotoka kiasi kilekile.

Mashine ndiyo iliyopotoka.

Nakiri jambo la aibu. Kwa dakika kadhaa niliwaza kuzipotosha hizo mbili za hospitali zifanane na zangu. Makere wangesikika na hakuna ambaye angejua. Ila magari yenyewe, na hospitali ya Kibondo, ambao redio zao ziko sahihi, wasingesikika tena. Bisibisi nilikuwa nimeshaishika.

Nikaiweka chini, nikaenda kumwambia Mzee Sudi. Nilitegemea matusi. Badala yake akasema:

"Ile ya sita inakosea kama wenzake, sivyo? Basi ipeleke hospitali, ukae nayo mwenyewe. Kesho tutaazima kipimo kizuri, uzifuate zote tano."

Ndipo nilipo sasa. Redio mbili mezani, ya kushoto sahihi, ya kulia yangu. Kila anayepita anauliza kwa nini ziko mbili, na kila mmoja namweleza. Naona aibu, lakini hofu imezidi aibu.

Saa tisa na nusu nimeita Makere kwa ile ya kulia. Nesi kajibu papo hapo, sauti safi kama yuko chumba cha pili. Nimemuuliza habari za Dativa. Kasema uchungu haujaanza, yuko kwao anamenya mihogo.

Kisha akasema, "Kaka, kumbe mpo? Mimi nawaita tangu Ijumaa."

Sikuthubutu kumuuliza alikuwa anamwitia nani gari.

Nitamuuliza. Nikimaliza mstari huu, nabonyeza.