Mahali Panga Lilipozama

Jumapili, 9 Novemba
Nyumba imehama! Kijiji kizima kimeibeba mabegani kwa mianzi, paa na kuta zake, na mama mkwe wangu, Nanay Pasing, amelala ndani na miguu yake mibovu. Amecheka njia nzima.

Msituni huku mchanga umefunika tu. Chini ni mwamba wa chokaa. Ukichimbia nguzo za kuinua nyumba, panga linagonga jiwe mapema. Ila Berto, mume wangu, kapata mahali panga limezama hadi mpini. Furaha tele. Manong Isyo, jirani yetu, akauliza mbona miti ya tugas imezunguka tu, hapa katikati haujaota hata mmoja.

“Imeniogopa, Manong,” Berto akamjibu.

Isyo hakucheka.

Jumanne, 11 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Hakuna dimbwi hata moja. Mchanga unakunywa, haushibi. Maji yanakwenda wapi?

Alhamisi, 13 Novemba
Shimo chini ya jiko. Dogo, mviringo, mchanga unateleza kuelekea katikati. Berto akajaza makumbi ya nazi, akafukia, akakanyaga. Tumemaliza kula mchana — makumbi hayapo. Naogopa. Nikamwambia. Akasema mimi mwoga tangu kuzaliwa. Lakini alikuwa ananong'ona.

Ijumaa, 14 Novemba
Nguzo ya jikoni inaning'inia. Haigusi chini! Isyo katupa jiwe shimoni: likagonga, likagonga tena, kisha tukasikia maji. Anasema maji yameula mwamba huko chini, na mchanga unashukia humo. Berto hana ubishi tena. Wanaume watakuja kesho kuihamisha nyumba.

Nanay hataki kushuka. “Nilikuja humu ndani, nitaondoka humu ndani. Mnibebe kama gunia, mimi?”

Jumamosi, 15 Novemba
Nimekaa kwenye mwamba, penye mizizi ya tugas, mtoto wetu mgongoni. Naandika nisije nikapiga kelele. Mianzi imeshapitishwa chini ya sakafu.

Jana halikutujia hili, limenijia sasa hivi: ili wanaume waibebe, lazima wasimame pale pale. Mchangani. Wote, na uzito wa nyumba juu yao.

Nimemwita Berto. Wanaimba, hasikii. Nanay yuko dirishani, ananipungia mkono. Isyo anahesabu. Moja. Mbili.

Tatu.

Nyumba haijapanda. Wao ndio wanaoshuka. Mchanga umewafika magotini, na bado hakuna aliyeachia mwanzi —