Yai Lenye Mwiba

Baba Feza,

Miye niko mzima, ijapokuwa bunduki zinalia kule barabara ya Sange. Lakini leo sikuandikii habari za vita. Tulia nikuambie mtoto wako amefanya nini.

Unakumbuka ulivyokuwa unajivuna? "Kwetu Lualaba, mtoto mwanaume akikojoa damu, wamama wanapiga vigelegele: amekomaa!" Miaka mingi baadaye damu ilirudi, ukaicheka, weye uliyebeba magunia ya pamba pale bandarini Kalundu kama mito ya kulalia. Kisha ukalala kitandani, hukuamka. Dokteri alisema kanseri ya kibofu. Ukatuacha kabla ya uhuru, sisi tukabaki kuulizana nani amekuroga.

Sasa mdogo wako Kalenga naye akaanza kukojoa damu. Nikamwambia aende kwa Feza. Akajibu: "Shemeji, hiyo ni damu ya ukoo wetu, iache!"

Feza huyo, basi! Wazungu wa hospitali yao walipowakimbia waasi, alibaki yeye tu anayejua mikroskopi, ile mashine ya kuonea vidudu. Akaileta hapa nyumbani Songo, akaificha ndani ya gunia langu la unga wa muhogo, waasi wasiichukue. Nani mwingine ana binti kama huyo? Ajitokeze!

Akaweka tone la mkojo wa Kalenga, akaniita nichungulie. Baba Feza, niliona yai. Yai lenye mwiba kwenye mkia! Feza anasema ni la minyoo ya kichocho, iliyowaingia kwenye ngozi mkiogelea kule kwenu utotoni. Ikakaa ndani, ikataga na kutaga, mayai yakichoma kibofu. Si kila mwenye minyoo hiyo anapata kanseri, lakini kidonda kikikaa miaka bila kupona, kanseri inapata pa kuanzia.

Kitu ambacho jicho halikioni, kimwangushe mtu mkubwa kama weye! Mungu wangu. Na sisi tulikishangilia.

Kalenga naye akachungulia yai hilo. Halafu akakunja mkono wa shati: "Haya, leta hiyo sindano ya dawa." Sindano zinamtapisha, anatutukana sote, lakini kila mara anarudi. Feza bado hajasema amepona.

Pumzika, mume wangu. Katika nyumba hii damu haipigiwi tena vigelegele, wajukuu wako nitawaambia mwenyewe. Vyangu navitunza kooni mpaka mdogo wako akojoe mkojo safi. Siku hiyo nitavipiga mpaka weye uvisikie huko uliko.

Mama Feza